Nimebakiza wiki tano nifanyiwe upasuaji wa ngiri: niache sigara sasa, au nimeshachelewa?

SWALI: Daktari, nina miaka 46. Navuta sigara kama 15 kwa siku, na hii ni zaidi ya miaka 20 sasa. Ya kwanza naiwasha kabla hata sijanawa uso. Nimepangiwa upasuaji wa ngiri ya kinena baada ya wiki tano, kwa nusu kaputi, na nimeambiwa nitawekewa wavu. Hospitali wamesema niache sigara, basi, hawakueleza zaidi. Mtu aliyewahi kupasuliwa ananiambia kuacha karibu na siku ya upasuaji ni hatari kuliko kuendelea, kwa sababu makohozi hufunguka na kujaa kifuani. Ni kweli? Na kama ni lazima niache, nipunguze kidogo kidogo au nikate zote? Halafu hivi vibandiko vya nikotini, si ni sumu ile ile?

JIBU: Acha sasa, ndugu yangu, na acha zote. Wiki tano zinatosha kukupa faida kubwa, mradi usizile kwa kujishauri. Huyo aliyekutisha naye hakuzua. Maneno hayo madaktari wenyewe waliyasema kwa miaka mingi, kwa hiyo nianzie hapo.

Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 200 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Walioacha sigara ndani ya wiki 8 kabla ya upasuaji walipata matatizo ya mapafu mara nyingi kuliko walioacha mapema zaidi. Hilo halina ajabu: aliyeacha zamani amepona kuliko aliyeacha juzi. Lakini wengi waliusoma kana kwamba umesema aliyeacha juzi yuko pabaya kuliko anayeendelea kuvuta. Ulinganisho huo ulikuwa dhaifu, maana waliokuwa bado wanavuta walikuwa wachache, na tofauti iliyoonekana ingeweza kuwa ya bahati tu. Tena anayeacha siku chache kabla ya kisu mara nyingi ni yule ambaye kifua chake kimeshaanza kumtisha. Mwaka 2011 tafiti mbalimbali zilikusanywa zikapimwa kwa pamoja, na hazikuonyesha kwamba kuacha ndani ya wiki hizo 8 kunaongeza madhara.

Kuhusu makohozi, kuna chembe ya ukweli. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma uchafu kuelekea kooni. Moshi huvipooza. Ukiacha, vinaamka na kuanza kufagia, na baadhi ya watu hukohoa zaidi kwa wiki moja au mbili. Kwako hili lina uzito, kwa sababu kikohozi kikali baada ya upasuaji wa ngiri huvuta mshono na wavu kabla havijashika. Sasa piga hesabu: ukiacha leo, kikohozi hicho kitakuwa kimepungua siku ya kulazwa. Ukisubiri hadi wiki ya mwisho, unakisogeza mwenyewe karibu na mshono. Hata hivyo, hata wiki hiyo ya mwisho kuacha bado ni bora kuliko kuendelea. Kikohozi cha mvutaji hakiendi likizo kwa sababu umepasuliwa.

Nieleze kinachoharibika, maana ukikielewa utaona kwa nini kupunguza hakutoshi. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi inayong'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa asiyevuta, sehemu ya himoglobini iliyokaliwa na gesi hiyo huwa chini ya asilimia 2. Kwa mvutaji inaweza kufika asilimia 10 au zaidi. Hiyo ni damu inayozunguka bila kubeba kitu. Kibaya zaidi, kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo mashine inaweza kuonyesha namba nzuri huku tishu zina njaa ya hewa. Papo hapo nikotini ya moshi, inayoingia kwa kishindo kila pafu, inabana mishipa midogo ya ngozi na kuongeza mapigo ya moyo. Kidonda kinapata damu kidogo, na hiyo kidogo ina upungufu. Chembe nyeupe za damu zinazoua bakteria zinahitaji oksijeni kufanya kazi hiyo, na seli zinazofuma kovu nazo zinaihitaji. Ndiyo sababu mvutaji hupata usaha, mshono kuachia na ngiri kurudi mara nyingi zaidi. Wavu ukiingiwa na maambukizi wakati mwingine dawa hazitoshi, inabidi utolewe kwa upasuaji mwingine.

Daktari wa usingizi ana hofu yake tofauti. Koo na njia za hewa za mvutaji ni nyepesi kushtuka: mpira wa kupumulia unapoingizwa au kutolewa, koo linaweza kujifunga ghafla au mapafu yakabana kama ya mwenye pumu.

Kila kimoja kati ya hivi kina saa yake ya kupona. Kaboni monoksaidi hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 6 ukiwa macho, na polepole zaidi ukiwa usingizini, hivyo siku moja bila sigara inaisafisha karibu yote. Nikotini yenyewe hupungua kwa nusu ndani ya saa kama 2. Makohozi na mshtuko wa njia za hewa huchukua wiki kadhaa. Uwezo wa kidonda kupambana na bakteria unaboreka wazi kuanzia wiki ya nne hivi. Ndiyo maana utasikia wiki nne zikitajwa kila mahali: mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kuacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji kunapunguza matatizo, na kila wiki inayoongezeka baada ya hapo huboresha matokeo kwa asilimia 19. Mfano ninaoupenda ni wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 120 waliosubiri kubadilishiwa nyonga au goti waligawanywa kwa kura. Nusu walisaidiwa kuacha sigara kwa ushauri na nikotini ya dawa, kuanzia wiki 6 hadi 8 kabla ya upasuaji. Waliosaidiwa walipata matatizo kwa asilimia 18, wengine kwa asilimia 52. Matatizo ya kidonda peke yake yalikuwa asilimia 5 kwa 31. Ni dawa chache sana hospitalini zinazoweza kujivunia tofauti ya namna hiyo.

Kwa nini basi usipunguze tu? Kwa sababu mwili wako una kipimo chake cha nikotini na utakidai. Anayetoka sigara 15 kwenda 7 huvuta kila moja kwa pafu refu zaidi, hulishikilia moshi kifuani, huivuta hadi kwenye kichungi. Kaboni monoksaidi haipungui kwa nusu hata kama sigara zimepungua kwa nusu. Na kupunguza kidogo kidogo kunakula wiki zako. Ukimaliza ngazi zote, siku ya upasuaji imefika. Chagua siku ndani ya siku mbili zijazo, ambazo utazitumia kupata dawa. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa nyumbani, kwenye gari na kazini pakiti zote, viberiti na visahani vya majivu. Usiache hata moja "ya dharura". Hiyo ndiyo utakayoivuta.

Sasa vibandiko. Swali lako ni la haki, lakini si sumu ile ile. Kibandiko hakina kaboni monoksaidi, hakina sianidi ya moshi, hakina masizi, na nikotini yake inaingia polepole bila ule mshindo wa pafu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti ambamo watu waliojitolea walichanjwa vidonda vidogo. Wavutaji waliokaa wiki nne bila sigara walipata maambukizi machache kuliko walioendelea, na waliovaa kibandiko cha nikotini hawakutofautiana na waliovaa kibandiko kitupu. Kwa upasuaji wa ngiri, nikotini ya dawa ni salama zaidi kwa mbali kuliko sigara. Tofauti ni upasuaji ambao ngozi inahamishwa au mishipa midogo sana inaunganishwa, kama kukaza ngozi ya uso au tumbo, au kurudisha kidole kilichokatika. Huko wapasuaji wengi hawataki nikotini ya aina yoyote, na baadhi ya wanaounganisha mifupa ya mgongo nao wako hivyo. Wakipima kotinini kwenye mkojo, yaani mabaki ya nikotini iliyovunjwa mwilini, kibandiko nacho kitaonekana. Kipimo cha kupuliza kaboni monoksaidi hakisumbuliwi na kibandiko.

Wengi hushindwa na nikotini ya dawa kwa sababu wanatumia kidogo mno au wanaitumia vibaya. Wewe unavuta zaidi ya sigara 10, kwa hiyo unaanza na kibandiko cha saa 24 cha miligramu 21. Wanaovuta 10 au pungufu huanza na cha 14. Ratiba ya kawaida ni wiki 6 za miligramu 21, kisha wiki 2 za 14, kisha wiki 2 za 7. Angalia inavyokaa: upasuaji utakukuta ukiwa bado kwenye dozi kamili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usishushe dozi wiki ya upasuaji ili "uingie safi". Bandika asubuhi kwenye ngozi kavu, isiyo na nywele nyingi wala mafuta, juu ya kiuno: mkono wa juu, bega, mgongo. Kandamiza kwa kiganja sekunde 10, na kesho yake hamia sehemu nyingine. Muwasho kidogo na wekundu ni kawaida. Ukiota ndoto za ajabu au usingizi ukakatika, kitoe unapolala, ila ujue hamu ya asubuhi itakuwa kali zaidi. Usikipashe joto kwa chupa ya maji moto, maana joto huongeza nikotini inayoingia. Na ukipelekwa kwenye kipimo cha MRI kitoe kwanza, kwa kuwa baadhi ya vibandiko vina utando wa metali unaoweza kuunguza ngozi.

Kibandiko peke yake hakitoshi mtu anayewasha sigara kabla ya kunawa uso. Kinajenga sakafu tu. Hamu ya ghafla inahitaji kitu cha haraka, yaani chingamu au kidonge cha kumung'unya. Kwa kuwa sigara yako ya kwanza huja ndani ya dakika 30 za kuamka, kipimo chako ni miligramu 4. Wengine hutumia 2. Chingamu hii haitafunwi kama peremende. Itafune taratibu hadi uhisi ukali kama wa pilipili, iegeshe kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha itafune tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Ukiitafuna mfululizo nikotini inamezwa, ini linaivunja kabla haijafika kichwani, na unachobaki nacho ni kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Halafu unasema dawa haifanyi kazi. Usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla, hasa kahawa, soda au juisi, kwani tindikali huzuia nikotini kupita kwenye shavu. Usisubiri hamu ipande: wiki ya kwanza anza moja mara tu unapoamka, nyingine kila inapokaribia saa uliyozoea kuvuta. Kikomo cha chingamu ni 24 kwa siku, lakini aliyevaa kibandiko hafiki huko. Ukihisi moyo unaenda mbio, kichwa kinazunguka na kichefuchefu, umezidisha, pumzisha chingamu. Kama uliwahi kupata mshtuko wa moyo hivi karibuni au mapigo yako hayana mpangilio, ongea na daktari kabla ya kuanza.

Kuna vidonge pia. Vareniklini huanza kwa miligramu 0.5 mara moja kwa siku kwa siku 3, kisha 0.5 mara mbili hadi siku ya 7, kisha 1 mara mbili hadi wiki 12 zitimie. Huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, kwa hiyo ukiianza leo zinabaki wiki nne kamili bila sigara. Imeze baada ya kula, na bilauri nzima ya maji, la sivyo kichefuchefu kitakushinda. Mwenye figo dhaifu hupewa dozi ndogo. Bupropioni haimfai mwenye historia ya kifafa, na anayeitumia amwambie daktari kabla hajaandikiwa tramadoli ya maumivu, maana zote mbili zinasogeza mwili karibu na degedege. Zote huandikwa na daktari.

Kingine ambacho watu hawaambiwi: moshi (si nikotini) huchochea ini kuvunja haraka baadhi ya dawa na vinywaji. Ukiacha, ini linatulia ndani ya siku chache na vitu hivyo vinapanda kwenye damu. Kafeini ni kimojawapo. Mtu anaacha sigara, anaendelea na vikombe vyake vinne vya kahawa, anatetemeka, hapati usingizi, moyo unadunda, naye analaumu arosto. Punguza kahawa kwa nusu siku ile ile unayoacha. Anayetumia teofilini ya pumu, klozapini, olanzapini au warfarini lazima amjulishe daktari wake ili dozi iangaliwe, na anayejidunga insulini apime sukari mara nyingi zaidi kwa sababu inaweza kushuka.

Arosto yenyewe hupanda kileleni siku ya 2 hadi ya 3, hubaki kali kwa wiki moja, hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu moja moja hudumu dakika chache tu, hata usipofanya lolote. Utakuwa mkali, utakula sana, akili haitatulia. Pia utafunga choo. Hili wengi hawalitarajii, na kwa mwenye ngiri si dogo: kukamia chooni kunasukuma ngiri sasa na kuvuta mshono baadaye, na dawa kali za maumivu baada ya upasuaji zitaongeza ugumu. Anza mapema maji ya kutosha, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na uombe dawa ya kulainisha choo kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani.

Ukiteleza ukavuta moja, usitoe kibandiko na usitangaze kwamba umeanza upya. Izime, chukua chingamu, jiulize ilitoka wapi (mara nyingi ni pombe au mtu aliyekuwa karibu anavuta), uendelee. Hatari ya kuvaa kibandiko huku umevuta sigara moja ni ndogo. Hatari ya kukivua na kurudi kwenye 15 ni kubwa. Shisha haisaidii, kwani mkaa wake hukujaza kaboni monoksaidi kwa wingi. Sigara ya kielektroniki haina moshi wa kuungua, lakini inaleta nikotini kwa mikupuo na mvuke wake unawasha njia za hewa; kama ndiyo unayoitumia, iache nayo angalau siku ya upasuaji na umwambie daktari wa usingizi.

Siku ya upasuaji, hata kama yote hapo juu yamekushinda, usivute kuanzia jioni ya siku iliyotangulia. Kanuni ya kawaida ya kufunga ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji. Fuata uliyopewa kama ni kali zaidi. Badilisha kibandiko asubuhi kama kawaida, ukiweke mkononi au begani, mbali na kinena kitakachosafishwa, na uwaonyeshe kilipo. Kuhusu chingamu ya asubuhi hiyo uliza kabla, na usiingie nayo chumba cha upasuaji. Sema ukweli kuhusu sigara ya mwisho ulivuta lini. Daktari wa usingizi hakuulizi ili akugombeze. Jibu lako linabadilisha dawa anazochagua na jinsi anavyoshika koo lako. Kuna kichekesho kimoja hapa: wasiovuta hutapika zaidi wakiamka kutoka nusu kaputi kuliko wavutaji. Si sababu ya kuendelea kuvuta, ni sababu ya kuomba dawa ya kuzuia kutapika.

Ukishaamka, kila saa ukiwa macho vuta pumzi ndefu mara 10, uishikilie kidogo, uitoe taratibu. Ukitaka kukohoa, kandamiza mto au kiganja juu ya kinena kwanza. Simama na utembee siku hiyo hiyo wakiruhusu. Omba dawa ya maumivu kabla hayajapanda, maana wavutaji mara nyingi huhitaji zaidi ya wengine, na maumivu ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye pakiti. Kidonda kinakuhitaji bila moshi kwa angalau wiki nne nyingine, pamoja na moshi wa wenzako nyumbani, wavute nje. Homa, usaha, wekundu unaotambaa, pumzi kukata au ndama ya mguu mmoja kuvimba na kuuma ni mambo ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Na ikifika wiki ya mwisho bado unavuta, usijifiche wala usighairi tarehe mwenyewe. Piga simu kliniki useme. Kwa ngiri isiyobana, daktari anaweza kuona heri kusogeza mbele wiki chache upate nafasi ya kuacha. Kwa ngiri inayobana, au kwa saratani, hakuna anayesubiri sigara. Uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukawa mgumu na wenye maumivu, ukaanza kutapika, nenda hospitali usiku huo huo, hata kama sigara ya mwisho umeizima mlangoni.